Seti Hujulikana Siku ya Kuvunjwa

Jumamosi iliyopita niliibomoa nyumba ya ghorofa tatu ya matofali ya kuchezea. Ilikuwa imesimama rafuni kwa miezi 14. Kila wiki niliipangusa vumbi kwa brashi laini, nimeipiga picha kwa mwanga wa asubuhi na kwa mwanga wa taa, na vijitu vyake nimevihamisha vyumba mara nisizoweza kuhesabu. Mtoto wa mdogo wangu alinikuta nimeketi sakafuni, paa liko kwenye trei moja na madirisha kwenye nyingine.

"Mama mkubwa, mbona unaibomoa? Imeharibika?"

Nikamwambia haijaharibika, nataka kuiandikia uhakiki. Akanitazama, akaitazama nyumba, kisha akaketi na kuanza kubandua sakafu ya ghorofa ya pili kwa ukucha.

Zamani nilihakiki seti za matofali ya kuchezea kama wafanyavyo wengi. Boksi linafika, jioni mbili nimejenga, ya tatu nimepiga picha, ya nne alama zimetoka. Nilipozipitia hakiki zile baadaye nilikuta nimezimwagia sifa seti ambazo sikuzigusa tena, na nimezipita mbiombio zile ambazo vipande vyake mpaka leo vimo katika karibu kila ninachojenga. Kosa lilikuwa kuandika mapema. Ukijenga kwa mwongozo unashikwa mkono: ukurasa unasema weka hapa, unaweka, na raha ya kuona ukuta ukipanda inafunika mengi. Siku ya kuvunja hakuna mwongozo. Unaanza na paa, unashuka, na unakutana na kila uamuzi wa msanifu kuanzia wa mwisho kurudi wa kwanza. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi namna vilivyoundwa huiona vizuri ninapovichomoa kimoja kimoja. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: seti ambayo sijaivunja, siiandikii.

Jambo la kwanza ninalolisikiliza ni mshiko. Nasema kulisikiliza kwa sababu tofali jema huachia kwa mlio mmoja mfupi, mkavu, na halikuachi na kidole kinachouma. Tofali linaloachia kimyakimya limelegea, na linalokataa mpaka ulete kibanuo cha plastiki limebana kupita kiasi. Kati ya hayo mawili kuna nafasi nyembamba sana, na historia nzima ya mchezo huu imo ndani ya nafasi hiyo.

Tofali la plastiki lenye vinundu juu halikuanzia Denmark. Mwingereza Hilary Fisher Page aliliuza miaka ya 1940 kupitia kampuni yake ya Kiddicraft. Ole Kirk Kristiansen, seremala wa mji wa Billund aliyeanza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932, alilichukua wazo hilo, akalirekebisha, na mwaka 1949 kampuni yake ya LEGO ikatoa tofali lake. Lakini tofali lile lilikuwa tupu ndani. Vinundu vilishikwa na kuta za pembeni tu, hivyo ukijenga mnara mrefu kidogo ukausogeza, unakuangukia. Dawa ilipatikana tarehe 28 Januari 1958, siku mwanawe, Godtfred, alipoomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya tofali lenye mirija tumboni. Kinundu kikaanza kubanwa na mrija upande mmoja na ukuta upande mwingine. Ole Kirk alifariki Machi mwaka huohuo. Mwaka 1963 plastiki yenyewe ikabadilishwa, ikaja ABS, ngumu zaidi na isiyopindapinda kama ile ya awali iliyotokana na selulosi. Tofali la 1958 bado linashikana na lililotoka kiwandani mwaka huu. Nimewahi kujaribu kwa mikono yangu, na mlio ni uleule.

Hizo hataza za awali zilikwisha muda wake zamani. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Canada, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, zilikataa umbo la tofali lenyewe kulindwa kama alama ya biashara, kwa hoja kwamba umbo hilo limetokana na kazi linayofanya. Ndiyo maana leo tuna chapa nyingi zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe. COBI ya Poland, kwa mfano, imejijengea jina kwa vifaru na ndege za kivita ambazo michoro yake imepigwa chapa moja kwa moja kwenye plastiki. Mimi huzihakiki chapa zote kwa kipimo kimoja: nivunje, nichanganye, nijenge tena. Tofali lisilo na jina likishika vizuri mara ya kumi, naliandika kwa moyo mweupe.

Idadi ya vipande nimeacha kuitumia kama kipimo. Najua mtu akiliona boksi lenye namba kubwa anavutika, na wengi hugawanya gharama kwa idadi ya vipande ili wajue kama wamepunjwa. Hesabu hiyo inadanganya. Ramani ya dunia ya LEGO ya mwaka 2021 ina vipande 11,695, vingi kuliko Millennium Falcon, chombo cha angani cha filamu za Star Wars, ile kubwa ya 2017 yenye 7,541, lakini sehemu kubwa ya ramani hiyo ni vidoti vya mviringo vya kinundu kimoja. Ni kitu kizuri ukutani, sibishi. Ila siku ukiivunja unabaki na ndoo ya vidoti. Wataalamu wa hesabu wanatuambia matofali mawili tu ya vinundu nane, ya rangi moja, yanaunganishika kwa namna 24. Matatu, namna 1,060. Sita, namna 915,103,765, kwa hesabu ya Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Nikiwa na matofali sita mazuri nina kazi ya maisha yangu na ya wajukuu zangu. Kwa hiyo siku ya kuvunja nahesabu vile vipande ambavyo mkono wangu unavitenga wenyewe: bawaba, vipande vya kiwiko vyenye vinundu ubavuni, vigae vya nusu duara, madirisha ya rangi isiyo ya kawaida. Seti ikinijazia kisahani kimoja cha vipande hivyo, imefaulu.

Na kuna seti zinazokufundisha kukitazama kipande upya. Mti wa bonsai wa mwaka 2021 una vipande 878, na maua yake ya rangi ya waridi, ukiyasogelea, ni vyura. Vyura wadogo wa plastiki, walewale waliokaa kando ya vidimbwi katika seti nyingine, wamegeuzwa rangi na kupandishwa juu ya matawi. Mara ya kwanza nilipowachomoa mmoja mmoja na kuwaweka kiganjani nilikaa kimya kwa muda. Msanifu alimtazama chura, akaona ua. Tangu siku ile sijawahi tena kupanga vipande kwa majina yake. Navipanga kwa umbo, na kila umbo najiuliza linaweza kuwa nini kingine.

Hapa niseme neno kuhusu kupanga, maana wanaoanza huniuliza sana. Silika ya kila mtu ni kutenga rangi: nyekundu huku, buluu kule. Inapendeza machoni, lakini jaribu kutafuta bawaba nyeusi ndani ya ndoo ya vitu vyeusi vitupu. Jicho linapotea. Geuza mpango, weka bawaba zote pamoja bila kujali rangi, na ile nyeusi utaiona mara moja. Rangi hujitokeza yenyewe, umbo hujificha.

Sasa nirudi kwenye nyumba yangu, kwa sababu nilikuwa nimeirekebisha, na marekebisho ndiyo yaliyonifunza zaidi. Nyumba hizi za mtaa, zinazounganishwa ubavu kwa ubavu kwa pini, zilianza na Café Corner ya mwaka 2007, yenye vipande 2,056. Ghorofa zake zinainuliwa kama sufuria za kupachikana, na ndani kulikuwa kutupu kabisa. Walioipenda walianza kuijaza samani wenyewe, kupandisha ghorofa za nyongeza, kubadilisha rangi za kuta. Mimi naamini utupu ule ndio uliotengeneza mafundi wengi wa leo. Seti iliyokamilika mno haikuachii pa kuweka mkono wako.

Yangu nilitaka kuiwekea bango juu ya mlango, lenye herufi zinazoonekana kwa rangi za vipande vyenyewe, bila stika. Stika sizipendi. Zinaanza kunyanyuka pembeni, zinakamata vumbi, na ukivunja seti kipande chenye stika kinabaki kimefungwa kwenye kazi yake ya kwanza. Herufi za vipande zinadai ujenge kwa ubavu, vinundu vikitazama mtaani badala ya angani, na hapo ndipo hesabu inapoingia. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, na kibapa, kile kipande chembamba ambacho vitatu vyake hufanya tofali moja, kina milimita 3.2. Namba hizi hazilingani, na anayezilazimisha anaishia na ukuta wenye mianya.

Nafasi yangu ilikuwa ya vinundu vinne, yaani milimita 32. Nikalaza matofali matatu kwa ubavu. Yakapungua. Mwanya uliobaki ulikuwa kama unene wa ubao mwembamba, na usiku ule niliutazama kwa muda mrefu kabla ya kuchukua kalamu. Matofali matatu ni milimita 28.8. Toa kwenye 32, inabaki 3.2. Kibapa kimoja! Nikakilaza, kikaingia kwa ule mlio mfupi, na ukuta ukafunga kama umemiminwa. Kanuni yenyewe ni nyepesi: vibapa vitano kwa kimo ni vinundu viwili kwa upana, kwa sababu vyote ni milimita 16. Kila anayejenga kwa ubavu huijua, wengi wakiwa wameisoma mahali. Mimi niliipata kwa kutazama mwanya, na ndiyo maana siisahau.

Kosa nililolifanya lilikuwa kwenye roshani. Kipenyo cha kinundu ni milimita 4.8, hivyo kati ya kinundu na kinundu panabaki milimita 3.2, sawasawa na unene wa kibapa. Kwa hesabu, kibapa kinasimama wima katikati ya vinundu na kufanya kizuizi kizuri cha roshani. Nilivipanga vinane, vikasimama vizuri, nikavisifu. Wasanifu wa kiwandani wanakatazwa kufanya hivyo, na Jumamosi iliyopita niliona sababu kwa macho yangu. Kinachoenea bila nafasi ya kupumua kinasukumwa mchana na usiku. Vibapa vyangu viwili vilikuwa na mstari mweupe ukingoni, ule weupe wa plastiki iliyochoka, na kimoja kilipinda kiasi kwamba hakikai tena tambarare juu ya meza. Kwa miezi 14 roshani ile ilionekana nzima. Kama nisingebomoa, ningewaandikia wasomaji wangu kwamba mbinu hiyo ni nzuri.

Uchovu wa plastiki ni habari pana, na wakusanyaji tunapaswa kuuzungumzia zaidi. Niliwahi kununua fungu la matofali yaliyokwishatumika, ndani yake mna mabaki ya meli kubwa. Niliyaosha kama ninavyoosha yote: beseni, maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, sabuni laini, kisha kuyakung'uta kimoja kimoja maana maji hupenda kujificha ndani ya mirija, na kuyaanika kivulini. Nilipoanza kutenganisha yaliyokuwa bado yameshikana, ya rangi ya kahawia yalianza kupasuka. Yalikatika katikati ya vidole vyangu kama biskuti, moja baada ya jingine, zaidi ya 20, huku meupe na mekundu ya umri uleule yakiachia salama. Rangi huingia ndani ya plastiki, haipakwi juu, na michanganyiko mingine haizeeki vizuri. Tangu hapo vipande vya kahawia vya miaka ya nyuma sivivunji wakati wa baridi, wala kwa nguvu ya ghafla. Navitikisa polepole, huku na huku.

Kijivu nacho kina mambo yake. Kati ya 2003 na 2004 LEGO waliubadilisha mchanganyiko wao wa kijivu, ule wa zamani wenye joto kidogo ukaachwa, ukaja wenye kuelekea buluu. Ukichanganya yote mawili kwenye ukuta mmoja, mbele ya taa unaona mabaka. Kuna waliokasirika wakati ule na hasira yao haijaisha. Mimi natumia mabaka hayo kujenga mawe, kwa sababu hakuna jiwe la rangi moja.

Vivyo hivyo kwa matofali meupe yaliyogeuka manjano kwa jua. Wengi huyaloweka kwenye hidrojeni peroksaidi na kuyaacha kwenye mwanga mpaka weupe urudi. Inafanya kazi, nimeona. Ila umanjano mara nyingi hurudi, na mimi sipendi kulifanya tofali lijifanye jipya. Nina kisanduku cha meupe yaliyokomaa, na ukuta wa nyumba kuukuu ukiujenga kwa hayo, kila moja likiwa na kivuli chake cha manjano, hakuna seti mpya itakayokupa ukuta ule. Nikikosa kipande cha umbo fulani, nakitafuta BrickLink, soko la mtandaoni lililoanzishwa na Dan Jezek mwaka 2000 na kununuliwa na LEGO mwaka 2019, ambapo kipande kimoja kinatafutwa kwa umbo, rangi na hali yake. Kukata na kupaka rangi sifanyi. Nawaheshimu wanaofanya, na kazi za baadhi yao zimenitoa machozi, lakini kipande kilichokatwa kimekwisha kuwa kitu kimoja.

Wapo wanaokusanya maboksi yaliyofungwa na kuyaweka juu ya kabati, yasiguswe. Nawaelewa, maana boksi zuri lina utamu wake. Lakini hata ndani ya boksi muda unapita: gundi ya stika inakauka, mipira ya kufungia inapasuka. Kinachodumu ni matofali yenyewe. Tarehe 13 Februari 1997 wimbi kubwa liliipiga meli ya Tokio Express karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, makontena 62 yakaanguka baharini. Moja lilibeba karibu vipande milioni 4.8 vya LEGO, vingi vyake vikiwa vya mambo ya bahari, kama pweza na mapezi ya kupigia mbizi, na majoka pia yakiwemo. Bahari bado inavitapika. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth waliopima matofali yaliyookotwa ufukweni walikadiria kwamba tofali linaweza kukaa baharini kati ya miaka 100 na 1,300. Nilipoyasoma hayo nilikitazama chumba changu kwa uzito mwingine. Kitu kitakachoishi kuliko mimi mara kumi, kukijenga mara moja tu nikakiacha ni kukidhulumu. Ndiyo maana nikimaliza uhakiki, vipande havirudi kwenye boksi lake. Vinaingia kwenye visanduku pamoja na wenzao.

Nyumba ya Jumamosi imepata alama nzuri. Mshiko wake haukulegea popote isipokuwa pale nilipoulazimisha mimi. Imenipa viwiko 31, fremu sita za madirisha ya kijani iliyokolea, na ngazi ya kuzunguka ambayo sijui lini nimeona iliyosanifiwa vizuri hivyo: kila kidato kinabebwa na cha chini yake kwa kinundu kimoja, na bado unaweza kuinyanyua nzima kwa vidole viwili. Nimeishusha alama kwa stika 19 na kwa ukuta wa nyuma ulioachwa bila dirisha hata moja, kana kwamba nyumba ina uso tu.

Tulimaliza kuvunja jioni. Mtoto alikuwa ameacha kuvunja zamani, amevuta kisanduku cha meupe yaliyokomaa na anajenga ukuta wake mwenyewe, akiwa ameutegea mlango wa kijani kutoka kwenye nyumba yangu. Juu ya mlango aliacha nafasi. Akachukua kipande cha kiwiko, akakigeuza vinundu vikatazama nje, akabandika matofali kwa ubavu, akainama kuuangalia mwanya uliobaki.

"Mama mkubwa, hapa panataka vibapa vingapi?"

Nikamsogezea kisanduku na rula.